Mara Nne Kufunga, Mara Nne Kuvunjwa: Fainali ya Roland Garros 2025

Saa kumi jioni kwa saa za Dar es Salaam, Jumapili ya tarehe 8 Juni 2025, Jannik Sinner na Carlos Alcaraz waliingia uwanja wa Philippe-Chatrier mjini Paris kucheza fainali ya tenisi ya Roland Garros. Ilipoadhiniwa magharibi Kariakoo mchezo ulikuwa bado mbichi. Ulipokwisha, saa tatu na nusu usiku ilikuwa imeshapita. Alcaraz alishinda 4-6, 6-7, 6-4, 7-6, 7-6 baada ya saa tano na dakika 29. Hakuna fainali ya Roland Garros iliyowahi kuchukua muda huo. Rekodi iliyotangulia, saa nne na dakika 42, waliiweka Mats Wilander na Guillermo Vilas mwaka 1982.

Wengi wanaikumbuka kwa gemu moja tu. Seti ya nne, Sinner yuko mbele seti mbili kwa moja na gemu 5-3, Alcaraz anapiga servisi, ubaoni 0-40. Pointi tatu za ubingwa, Sinner akihitaji moja tu, na zote tatu zikapotea. Tangu siku hiyo wapenzi wa tenisi hapa mjini wana jibu moja la haraka: Sinner aliogopa, kombe likamponyoka. Sisi hatulikubali jibu hilo. Woga upo kwenye tenisi, hilo halina ubishi, lakini ukiufuata mchezo ule gemu baada ya gemu unakuta sababu iliyo nzito zaidi, nayo iko kwenye udongo wenyewe na servisi inayopigwa juu yake.

Tuanze na zamu za servisi, maana watu wengi huziruka.

Sinner ndiye aliyeanza. Katika seti ya kwanza, gemu ya kumi ilikuwa ya Alcaraz, naye akiwa nyuma 4-5. Sinner alimvunja, yaani alishinda gemu ambayo servisi haikuwa yake, akachukua seti. Seti ya pili Sinner alifika 5-3, akapiga servisi ili aifunge, akavunjwa. Ikabidi aimalizie kwenye taibreki, gemu ya kuamua seti inapofika 6-6, 7-4. Seti ya tatu ikawa zamu ya Alcaraz kufika 5-3 na servisi mkononi. Naye akavunjwa, kisha akaipata seti kwa kuvunja servisi ya Sinner katika gemu iliyofuata. Seti ya nne, baada ya zile pointi tatu kupita na Alcaraz kushika servisi yake, Sinner alipiga servisi kwa 5-4 ili achukue kombe. Akavunjwa. Taibreki ikaenda kwa Alcaraz, 7-3. Seti ya tano Alcaraz alivunja mapema, akafika 5-4, akapiga servisi ili achukue kombe. Akavunjwa. Sinner alishika ya kwake, 6-5, Alcaraz akasawazisha, na taibreki ya pointi kumi ikaisha 10-2.

Sasa hesabu. Mara nne mtu alisimama mstarini akiwa na servisi ya kufunga seti au kufunga mchezo, na mara zote nne alivunjwa, kila mmoja mara mbili. Kati ya seti tano, mbili zilifungwa na mpokeaji na tatu zikaenda taibreki. Hakuna hata moja iliyofungwa na mtu aliyeshika servisi yake. Ukisema Sinner alivunjwa kwa sababu ya woga, itakubidi useme hivyo hivyo kuhusu Alcaraz, na Alcaraz ndiye tunayemsifu kwa ujasiri. Halafu kuna jumla ya pointi za mchezo mzima: Sinner 193, Alcaraz 192. Aliyeshindwa ndiye aliyepata pointi nyingi.

Kwa nini servisi ilikuwa dhaifu kiasi hicho kwa wachezaji wawili bora wa dunia? Hapo lazima uujue uwanja.

Uwanja huo unaitwa wa udongo, lakini wekundu wake hauna uhusiano na udongo wa shamba wala kifusi cha barabara za Kimara. Ni unga wa matofali yaliyosagwa, unene wake milimita moja hadi mbili tu. Chini ya unga huo kuna tabaka la chokaa nyeupe iliyosagwa na kushindiliwa, kama sentimita sita au saba, kisha masalia ya makaa ya mawe, kisha kokoto na mawe makubwa ya kupitishia maji. Chokaa ndiyo roho ya uwanja, kwa sababu hushika unyevu, na unyevu ndio unaoushika ule unga usipeperuke. Ndiyo maana wahudumu hupita na mpira wa maji, na kuburuta wavu mzito uwanjani kati ya seti na seti. Uwanja ukikauka, unga unahama, mpira unateleza na kukimbia. Ukiwa na unyevu wa kutosha, unga unausugua mpira na kuushika.

Msuguano huo ndio kisa chote. Mpira unapotua juu ya matofali yaliyosagwa hupoteza kasi ya kwenda mbele kuliko unapotua kwenye nyasi au saruji, na huruka juu zaidi. Servisi ambayo kwenye nyasi za Wimbledon, London, ingepita chini ya kiuno kabla mtu hajageuka, Paris inapanda hadi begani na kumpa mpokeaji nafasi. Naye hajasimama pale pale. Amerudi nyuma mita tatu, nne, wakati mwingine zaidi, anausubiri mpira ushuke, anapiga mzunguko mzito wa juu, na mpira unarudi ndani kabisa karibu na mstari wa nyuma. Pointi ambayo mpiga servisi alitaka kuimaliza kwa mpigo mmoja inageuka mvutano wa mipigo saba, kumi, kumi na mbili. Viwanja vya udongo navyo havilingani. Madrid iko takribani mita 650 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi, servisi hupita kwa kasi hata kwenye udongo. Paris iko karibu na usawa wa bahari, na ikifika jioni hewa inapoa, mpira unazidi kuwa mzito.

Tofauti hiyo tuitie namba. Chukua mchezaji anayeshinda pointi sita kwa kila kumi za servisi yake, kiwango cha kawaida kwa wakubwa kwenye udongo. Nafasi yake ya kushika gemu ni karibu asilimia 74. Sasa mpunguzie kidogo tu, ashinde pointi 55 kwa mia badala ya 60. Nafasi inashuka hadi karibu asilimia 62. Pointi tano kwa mia huwezi kuziona kwa macho ukiwa umekaa mbele ya runinga, lakini zimekula gemu moja na zaidi katika kila gemu kumi. Mpokeaji mzuri kama Alcaraz anazichukua pointi hizo tano bila kelele, na Sinner vile vile, kwani yeye naye ni miongoni mwa wapokeaji bora waliopo.

Turudi kwenye 0-40. Aliyekuwa na servisi ni Alcaraz, si Sinner. Kwa kiwango kile kile cha pointi sita kwa kumi, nafasi ya kuokoa pointi tatu mfululizo ni karibu asilimia 22, na nafasi ya kuziokoa kisha kushika gemu yote ni karibu asilimia 15. Ni ndogo, lakini si muujiza. Ni jambo linalotokea mara moja katika kila majaribio sita au saba. Na muhimu zaidi, baada ya gemu hiyo kupita Sinner alikuwa hajapoteza chochote alichokuwa nacho. Bado alikuwa mbele 5-4, na servisi sasa ni yake. Kwa hesabu ile ile, nafasi yake ya kuwa bingwa katika gemu inayofuata ilikuwa asilimia 74, au 62 ukipunguza kwa sababu ya aliyesimama ng'ambo. Kombe lilipotelea katika gemu ya kumi, na watu wanaomlaumu kwa gemu ya tisa wanamlaumu mahali pasipo pake.

Gemu hiyo ya kumi ina mambo mawili yasiyotajwa sana. La kwanza ni kiti. Wachezaji hubadilishana pande baada ya gemu za namba witiri. Kwa hiyo gemu ya tisa ilipokwisha, Sinner alikwenda kukaa sekunde 90 na zile pointi tatu kichwani, halafu ndipo asimame kupiga servisi. Anayefunga seti kwa 5-3 hana mapumziko hayo, huvuta mpira na kuendelea. Sekunde 90 ni nyingi mno kwa mtu mwenye jambo la kufikiria, na hapa ndipo sisi tuko tayari kuupa woga sehemu yake, lakini sehemu tu.

La pili ni mipira. Kwa kanuni ya mashindano makubwa, mipira hubadilishwa baada ya gemu saba za mwanzo, kisha kila baada ya gemu tisa, na taibreki huhesabiwa kama gemu moja. Hesabu: seti ya kwanza gemu 10, ya pili 13, ya tatu 10, jumla 33. Mipira mipya inaingia gemu ya 8, ya 17, ya 26, ya 35, ya 44. Gemu ya kumi ya seti ya nne ni ya 43. Maana yake Sinner alipigania kombe kwa mipira iliyokuwa katika gemu yake ya tisa na ya mwisho, na mipira mipya ikaingia gemu iliyofuata, servisi ikiwa ya Alcaraz. Kwenye udongo mpira mzee haunyonyoki manyoya kama kwenye saruji. Manyoya huvimba, yakabeba unga na unyevu, na mpira ukawa mzito na mvivu. Servisi iliyokwisha kunyang'anywa nguvu na uwanja inanyang'anywa tena na mpira.

Lakini tusiitwishe mipira mzigo usio wake. Sinner alipovunjwa akifunga seti ya pili, mipira ilikuwa katika gemu ya tatu tu. Alcaraz alipovunjwa mwisho wa seti ya tano, ilikuwa katika gemu ya nne. Kwa hiyo angalau mara mbili kati ya nne mipira haikuwa michakavu, na uwanja ulichangia zote nne.

Anayepiga servisi ya kufunga kwenye udongo huelekea kuanguka kwenye moja ya mashimo mawili. Ama anapunguza nguvu ya mpigo wa kwanza ili uingie, na mpokeaji aliye nyuma anapata mpira wa kujichagulia. Ama anaongeza nguvu apate pointi ya bure, mpigo wa kwanza unatoka nje, na anabaki na wa pili, ambao unaruka juu na kukaa pale pale mpokeaji anapoupenda. Dawa inajulikana na haina siri: servisi yenye mzunguko ikitupwa pembeni kabisa upande wa kushoto wa mpokeaji, imtoe nje ya mistari. Kisha mpigo unaofuata uende mahali pasipo na mtu, au udondoshwe karibu na wavu maana mpokeaji yuko mbali. Alcaraz anaishi kwa mpira huo wa kudondosha. Mchezo wa Sinner umejengwa kwa mipigo mirefu, bapa na mizito kutoka nyuma, mipigo iliyompitisha raundi sita bila kupoteza seti, akimtoa hata Novak Djokovic katika nusu fainali. Dhidi ya mtu anayekimbilia kila kitu, mipigo hiyo inahitaji kurudiwa mara nne au tano kuipata pointi moja, na kila marudio ni nafasi ya kukosea.

Hoja ya miguu nayo huletwa. Sinner alikuwa ametoka kwenye adhabu ya kutocheza miezi mitatu iliyokwisha mwanzoni mwa Mei, na msimu wake wote wa udongo ulikuwa Rome na Paris. Alcaraz alikuwa ameshinda Monte Carlo, akafika fainali Barcelona, akaikosa Madrid kwa majeraha, akashinda Rome kwa kumfunga Sinner huyo huyo 7-6, 6-1, wiki tatu kabla ya Paris. Ni kweli kwamba mmoja alikuwa na mechi nyingi zaidi za udongo mwilini. Lakini aliyechoka hoi havunji servisi ya Alcaraz katika gemu ya kumi ya seti ya tano, mchezo ukiwa umefika kama saa tano. Miguu iliisha kwenye taibreki ya mwisho, Alcaraz alipokwenda 7-0 kabla Sinner hajapata pointi. Kabla ya hapo ilikuwepo.

Na taibreki yenyewe ni mchezo mwingine. Hakuna anayelazimika kushinda pointi nne kwa servisi yake mfululizo, baada ya pointi ya kwanza kila mmoja anapiga mbili na kumpisha mwenzake. Mchezaji anayeshambulia anapumua hapo. Alcaraz alipiga mipigo aliyokuwa akiizuia alipokuwa na gemu ya kufunga, hadi fohendi ya mwisho aliyoipiga akikimbia, ikapita kando ya mstari.

Kisa hiki kina ndugu yake, kwenye uwanja huo huo. Mwaka 2004 Guillermo Coria alishinda seti mbili za kwanza 6-0, 6-3 dhidi ya Gaston Gaudio, akashikwa na misuli, na bado akafika 6-5 katika seti ya tano akiwa na servisi na pointi mbili za ubingwa. Akavunjwa, Gaudio akashinda 8-6. Atakayetaka kupinga ataleta Wimbledon 2019, Roger Federer akiwa na 8-7, 40-15 na servisi mkononi dhidi ya Djokovic, kwenye nyasi, naye akavunjwa. Ni pingamizi la haki. Servisi kubwa inaweza kuvunjwa popote. Tofauti ni kwamba kwenye nyasi ile ilikuwa ajabu ya siku, na kwenye udongo wa Paris ya 2025 ilitokea kila mara ilipojaribiwa.

Kwa wanaocheza hapa Dar, somo la kisa hiki linafanyiwa kazi hata pasipo uwanja wa matofali. Viwanja vingi vya mjini ni vya saruji iliyopakwa rangi, na vinadanganya. Servisi ya wastani inapita, mchezaji anajiona ana servisi. Jaribu zoezi hili: anzeni gemu kwa 5-4, mpiga servisi akae kitini sekunde 90 kwanza, halafu wekeni sharti kwamba servisi isiyorudishwa haihesabiwi, pointi inachezwa upya. Gemu kumi za namna hiyo kwa kikao kimoja, mkibadilishana. Ndani ya gemu tatu utamjua nani ana mpigo wa kufuatia servisi na nani hana. Hesabuni pia mipigo ya kwanza ya servisi iliyoingia. Ikishuka chini ya sita kwa kumi, tatizo ni kulazimisha nguvu, na tiba ni kupunguza nguvu na kuongeza mzunguko, si kuurusha mpira juu zaidi. Mipira tumieni ya aina mbili kwa makusudi, mipya gemu tano na michakavu gemu tano, mkikumbuka kwamba kwenye saruji yetu mpira mchakavu hunyonyoka na kukimbia, kinyume kabisa na udongo.

Na katikati ya mwaka kuna upepo wa kusi, hasa kwenye viwanja vilivyo wazi upande wa baharini. Wachezaji wengi hawajui kabla ya wakati watafunga seti wakiwa upande gani, ilhali ni hesabu ndogo: gemu ya kumi utaipiga kutoka upande ule ule uliopigia ya pili na ya sita, na gemu ya tisa kutoka upande wa gemu ya kwanza na ya tano. Anayelijua hilo mapema, katika gemu ya sita anajaribu servisi atakayoihitaji kwenye gemu ya kumi, upepo ukiwa vile vile usoni au mgongoni, na mpira wa kurusha anaushusha kidogo usichukuliwe.

Wiki tano baada ya Paris, tarehe 13 Julai 2025, Sinner na Alcaraz walikutana tena kwenye fainali ya Wimbledon. Sinner alipoteza seti ya kwanza 4-6, akashinda mbili zilizofuata, na katika seti ya nne akajikuta mahali pale pale: mbele seti mbili kwa moja, 5-4, servisi mkononi, mtu yule yule ng'ambo ya wavu. Chini yake zilikuwa nyasi. Alishika servisi, seti ikaisha 6-4, akachukua kombe.